Megabaiti Nane za Kiyovu

Nilipoacha kufundisha hesabu sekondari na kupata kazi ofisini Kiyovu, Kigali, baba aliniuliza swali moja tu: huko nitakuwa nakaa au nasimama? Yeye alikuwa fundi cherehani Nyamirambo, amekaa maisha yake yote, na mgongo ulikuwa umeanza kumsumbua. Nikamwambia nitakaa. Akatikisa kichwa, kisha akanishonea sketi mbili mpya na kuacha kitambaa cha ziada kiunoni, maana alisema watu wanaokaa hunenepa.

Ulikuwa mwaka 1991. Ofisi ilikuwa nyumba ya kizamani iliyozungukwa na mijakaranda, na ndani yake kulikuwa na mradi wa kilimo. Karatasi zilikuja kutoka kila pembe ya nchi: mkulima huyu ana miche mingapi ya kahawa, amevuna maharage kiasi gani, ana ng'ombe, ana mbuzi, migomba yake inazaa vipi, nyumbani mwake wanakula watu wangapi. Kazi yetu ilikuwa kuyaingiza yote hayo kwenye kompyuta. Mimi nilikuwa nimesomea kuandika programu Nairobi kwa muda mfupi, kwa hiyo nikawekwa kusimamia chumba cha wachapaji. Walikuwa sita, wote wanawake, na kwa kuwa nilitoka ualimu waliniita Mwalimu, hata yule aliyenizidi umri kwa mbali.

Huyo mkubwa wao alichapa karatasi za kahawa, nasi tukamwita Mama Kahawa. Alikuwa mnene, mchangamfu, na alikuwa na cheko linalosikika hadi kwa mlinzi wa getini. Aliyekaa karibu naye alichapa karatasi za mifugo. Alikuwa amejifungua miezi michache kabla ya mimi kuanza kazi, na mtoto alimwacha kwa jirani. Wengine wanne walikuwa wasichana waliotoka shule karibuni, wepesi wa vidole na wepesi zaidi wa maneno. Ofisini Kifaransa kilikuwa cha mkurugenzi na Kinyarwanda kilikuwa cha kila mtu, lakini chumba chetu kilipenda Kiswahili. Sababu ilikuwa mimi na Nyamirambo yangu, mtaa unaosema Kiswahili, na pia mkurugenzi hakukifahamu vizuri.

Mashine ilikuwa moja tu. Lilikuwa sanduku la kijivu, kimo cha mtoto wa darasa la tatu, lililofungiwa kwenye chumba chake lenyewe pamoja na feni. Nyaya zilitoka humo, zikapita kwenye tundu ukutani na kuja kwenye skrini zetu sita. Skrini hizo hazikuwa na akili yoyote ndani yake. Kila herufi iliyobonyezwa ilikwenda kwenye lile sanduku, ikafikiriwa huko, ikarudi. Na kumbukumbu yake yote, ile sehemu ambamo mashine hushikilia kazi inayoendelea, ilikuwa megabaiti nane. Leo nikimwambia binti yangu hivyo anadhani nimekosea kutamka.

Megabaiti nane zilitosha watu watatu. Wa nne akikaa, herufi zilianza kuchelewa. Wa tano akikaa, sanduku lilianza kunguruma, taa ndogo ya diski ikawaka bila kuzimika, na Mama Kahawa akageuka na kuniambia kwa Kiswahili chetu cha Kigali, "Mwalimu, iko imelala." Haikuwa imelala. Kumbukumbu ilikuwa imejaa, na mashine ilikuwa inahangaika kutoa vitu na kuviweka kando kwenye diski, kisha inavihitaji tena, inavirudisha na kutoa vingine. Kazi yake yote ikawa kuhamisha mizigo.

Basi tukagawa zamu. Watatu walichapa asubuhi na watatu mchana hadi magharibi, wakipokezana kila wiki mbili. Zamu ya mchana ndiyo iliyokuwa na uchungu. Vita vilikuwa vimeanza kaskazini mwaka uliotangulia, mjini kulikuwa na vizuizi vya barabarani, na hakuna mwanamke aliyependa kusimamishwa gizani kuulizwa kitambulisho. Yule mama wa mifugo alikuwa na taabu yake zaidi. Ikifika saa kumi alikuwa anaweka kitenge kifuani, maana maziwa yalikuwa yamejaa na blauzi imelowa, na mtoto yuko upande wa pili wa mji anatulizwa kwa uji. Hakulalamika. Alichapa tu kwa kasi zaidi, kana kwamba ng'ombe wa nchi nzima wakiisha ataruhusiwa kwenda.

Nilikwenda kwa mkurugenzi kuomba kumbukumbu ya kuongeza kwenye mashine. Alikuwa mtaalamu wa udongo, mtu mpole, mrefu, anayevaa tai hata Jumamosi. Akaniambia kipande hicho huagizwa Ulaya, na kwa hali ilivyokuwa, tungeweza kungoja mwaka mzima. "Jaribuni kuvumilia," akasema.

Mwaka uliofuata, mvua za masika zikiwa zimepamba moto, akaja kijana wa Bukavu, ng'ambo ya mpaka.

Aliletwa kutuwekea toleo jipya la mfumo wa mashine, ambalo lilikuwa kwenye kanda. Alikuwa Mzairi, kijana mwembamba mwenye miwani iliyofungwa waya upande mmoja. Kama salamu alituletea mfuko mkubwa wa sambaza waliokaushwa, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, akauweka juu ya meza yangu. Chumba kikanuka ziwa wiki nzima. Wasichana walipomuuliza kwa nini hakuleta mikate kama watu wengine, alisema mikate ipo kila mahali.

Siku yake ya kwanza alisimama nyuma ya skrini akisikiliza mngurumo, mikono mfukoni.

"Mwalimu," akaniambia, "hii mashini yenu iko nalia."

"Inalia kwa sababu ni ndogo."

"Hapana. Iko nalia juu ya mizigo. Kila mama hapa iko na programu yake?"

Nikamwambia ndiyo. Mzungu aliyeanzisha kazi ile alikuwa ameandika programu sita: ya kahawa, ya maharage, ya mifugo, ya migomba, ya kaya, na ya kukagua makosa. Kisha akarudi kwao.

Yule wa Bukavu akaketi, akazichungulia zote sita, na saa sita mchana akaniita. Ndipo tulipoanza kubishana, na kwa kweli hatujaacha hadi leo.

Alichokiona ni hiki. Kila programu ilihitaji kazi zilezile za msingi: kuchora mistari kwenye skrini, kusoma herufi zilizobonyezwa, kukagua tarehe, kuandika kwenye faili. Kazi hizo ziliandikwa mara moja na kuwekwa pamoja, nasi tukauita mkusanyiko huo maktaba. Lakini yule Mzungu alipozikamilisha programu zake, aliziunganisha kwa njia ya statiki, yaani alinakili sehemu kubwa ya ile maktaba na kuishonea ndani ya kila programu. Kwa hiyo wanawake sita walipokaa, mashine ilibeba maktaba ileile mara sita.

"Iondoe ndani," akasema. "Iweke inje, moja tu. Programu ikifunguliwa, inaenda kuikamata pale. Bote banatumia ile moja. Toleo hili jipya linaweza. Njo dinamiki hiyo." Njo, kwa Kiswahili cha kwao, ni ndiyo.

"Na mimi nasema tusiiguse," nikamjibu. "Tatizo si maktaba kuwa ndani. Tatizo ni programu kuwa sita. Watu sita wakifungua programu moja ileile, mashine inaweka maelekezo yake mara moja tu, halafu inampa kila mtu nafasi yake ndogo ya tarakimu zake. Nitazishona zote sita ziwe moja."

"Utashona nguo ya watu sita?"

"Baba yangu ni fundi. Usiniambie habari za kushona."

Mama Kahawa akaangua cheko. Wasichana wakaacha kuchapa. Kuanzia hapo chumba kikagawanyika, watatu upande wangu na watatu upande wake, na sikupendezwa kuona kwamba Mama Kahawa alikuwa upande wake. Alisema kijana anayetembea na samaki hawezi kuwa mwongo.

Mkurugenzi alipofika kuuliza kwa nini hakuna anayefanya kazi, kila mmoja wetu alimweleza yake kwa Kifaransa, kwa wakati mmoja. Alitusikiliza akiwa ameshika fundo la tai yake. Kisha akasema wiki ijayo ni ya bwana huyu, wiki inayofuata ni ya bibi huyu, na baada ya hapo hataki kusikia tena neno maktaba isipokuwa ni ya vitabu. Alipotoka, Mama Kahawa akaongeza sharti lake: atakayeshindwa atapika chakula cha Jumapili kwa chumba kizima.

Wiki ya kwanza ikawa ya yule wa Bukavu. Jumatatu asubuhi walikaa watatu, akaja wa nne, herufi zikatembea kama kawaida. Wa tano akakaa. Taa ya diski iliwaka mara chache ikazimika. Yule mama wa mifugo, ambaye wiki hiyo alikuwa wa mchana lakini alikuja asubuhi kuona, akakaa wa sita. Mashine ikaanza kusita, lakini haikulala. Yule wa Bukavu alipita katikati ya meza kama mtu aliyeileta mvua yenyewe.

Hata hivyo mambo mawili yalimpunguzia mwendo. La kwanza, programu zake zilichelewa kufunguka. Kila moja ilipoanza ilibidi itafute maktaba huko nje na kuunganishwa nayo kamba kwa kamba, na Mama Kahawa, mkereketwa wake, alitumia nafasi hiyo kufungua kilemba na kukifunga upya. La pili lilimuuma zaidi. Alikuwa amepiga hesabu kana kwamba maktaba yote itakaa mara moja tu, na hesabu haikutimia. Maelekezo ya maktaba yaligawanywa kwa wote, sawa, lakini maktaba ilikuwa pia na sehemu yake ya kuandikia, na hiyo haigawanywi. Kila mchapaji alipewa yake, kubwa kuliko alivyohitaji. Akakaa na penseli, akafuta, akaandika tena. Mimi nilijifanya nachagua karatasi.

Alhamisi akatupatia kichekesho cha mwaka. Aliona dosari ndogo katika kazi ya kukagua tarehe, akaitengeneza ndani ya maktaba, tena bila kuitiwa. Na kwa sababu maktaba ilikuwa moja, matengenezo yakawafikia wote papo hapo. Dakika chache baadaye, wanawake wote sita walinyanyua vichwa kwa pamoja.

"Imekataa," akasema mmoja.

"Yangu pia."

"Mwalimu, iko inasema hakuna tarehe kumi na tatu."

Hakukuwa na tarehe kumi na tatu, wala kumi na nne, wala yoyote baada ya kumi na mbili, katika Rwanda nzima. Alikuwa ameweka siku mahali pa mwezi na mwezi mahali pa siku. Mama Kahawa akamuuliza kwa upole kama mshahara wa mwisho wa mwezi bado upo au nao umefutwa. Tulicheka hadi mlinzi akaja dirishani. Yule wa Bukavu alisukuma miwani yake juu ya pua, akachapa haraka, na kabla hatujamaliza kucheka tarehe zote zilikuwa zimerudi.

"Umeona?" akaniambia, uso umemwiva. "Nimekosea mara moja, bote wamegonjwa. Lakini nimetengeneza mara moja, bote wamepona. Ingekuwa njia yako, ningetengeneza mara sita."

Nilikubali kimoyomoyo. Kwa mdomo nilisema tutaonana Jumatatu.

Sikupumzika Jumamosi ile wala Jumapili. Nilizichukua programu sita na kuzishona ziwe moja, yenye mlango mmoja na orodha ya kuchagua: kahawa, maharage, mifugo na kadhalika, maktaba ikiwa imeshonewa ndani kabisa. Jumatatu ilifunguka kufumba na kufumbua. Watu wangu watatu wakapiga makofi madogo. Akakaa wa nne, safi. Akakaa wa tano, na lile sanduku likatoa mngurumo ambao hatujawahi kuusikia, hata kabla ya yule wa Bukavu kuja. Nikamwambia wa sita asikae.

Hakuna aliyenicheka, na huo ndio ubaya wa watu wema. Wangenicheka ningeona nafuu. Wale watatu wa mchana wakaenda kungoja zamu yao kibarazani, yule mama wa mifugo akiwa mmoja wao, na mimi nikabaki mbele ya skrini nikisoma tena nilichoandika. Hesabu yangu ilikuwa sahihi. Programu ilikuwa moja, maelekezo yalikuwa mara moja tu kwenye kumbukumbu, nililihakikisha hilo. Basi nafasi ilikuwa imekwenda wapi?

Yule wa Bukavu akaja na vikombe viwili vya chai ya maziwa. Akaniwekea kimoja. Nilimngoja aseme neno la ushindi, nami nilikuwa nimeshaandaa jibu lake.

"Mama wa mifugo akifungua programu yako," akauliza, "karatasi ya kahawa inafanya nini?"

"Haifanyi kitu. Iko tayari tu."

"Iko tayari kwa nani?"

Nikarudi kwenye mistari yangu ya mwanzo. Programu yangu, ilipoanza tu, iliandaa kurasa za aina zote sita, ikazijaza vichwa vya habari na nafasi za tarakimu, hata kama mtu alitaka moja. Na nafasi ikishaandikwa, mashine haiwezi tena kuigawa kwa wengine. Inakuwa ya mtu yule peke yake. Kwa hiyo kila mwanamke alikuwa amebeba mifugo na migomba na kaya na kahawa, hali anachapa maharage. Nilikuwa nimeokoa upande wa maelekezo na kumwaga upande wa tarakimu.

"Mbona unanisaidia?" nikamuuliza. "Ukinyamaza unashinda."

Akageuza kikombe chake. "Nikishinda nitakula chakula ya Jumapili. Nikikusaidia nitakaa hapa na wewe mpaka saa nane."

Nilijifanya sikuelewa. Lakini niliandika makosa matatu mfululizo kwenye mstari mmoja, na nadhani aliyaona.

Tuliibadilisha pamoja mchana ule. Programu sasa ilifunguka ikiwa tupu, na ukurasa uliandaliwa pale tu mtu alipouchagua. Haikuwa kazi kubwa. Kubwa ilikuwa kukaa bega kwa bega na mtu ambaye ananukia sabuni ya unga na samaki kwa mbali, na kufuata anachosema.

Kesho yake asubuhi tukawaita wote sita. Wakakaa mmoja mmoja, kama watu wanaoingia kwenye mtumbwi. Wa nne. Wa tano. Yule mama wa mifugo alikaa wa mwisho, akaweka kidole kwenye kibonyezo na kutuangalia kabla ya kubonyeza. Herufi ikatokea. Akabonyeza nyingine. Wote wakaanza kuchapa, kwanza kwa woga, kisha kwa ile kasi yao, na kutoka chumba cha pili hatukusikia chochote isipokuwa feni.

Mama Kahawa hakuridhika. Akainuka, akaenda kwenye chumba cha mashine, akaweka sikio kwenye lile sanduku.

"Mwalimu, haijakufa?"

"Haijafa, mama. Imepata nafasi."

Akarudi akakaa taratibu, kana kwamba anaogopa kuishtua.

Njia ya yule wa Bukavu haikutupwa. Tulikuwa na programu nyingi nyingine ndogondogo, za kuchapisha kwenye karatasi, za kujumlisha, za kunakili kwenye kanda, kila moja tofauti na mwenzake, zinafunguliwa dakika chache na kufungwa. Hizo huwezi kuzishona ziwe moja bila kupata kichaa. Zote zikawa za dinamiki, zikashirikiana maktaba moja ya nje, na megabaiti nane zikabaki na upenyo hata wakati mkurugenzi alipochapisha ripoti zake ndefu. Nilijifunza hapo kwamba wote wawili tulikuwa sahihi nusu, kila mmoja kwa nusu aliyokuwa anaiangalia. Penye watu wengi na programu moja, ushonaji wangu ulikuwa nafuu. Penye programu nyingi zisizofanana, maktaba yake ya nje ilishinda. Siku hizi vijana wanabishana jambo hilohilo kwenye mashine zenye kumbukumbu kama bahari, na nikiwasikiliza huwa natamani chai.

Mkurugenzi alikuja kujionea. Alitembea nyuma ya viti, akahesabu vichwa kwa kidole, akatoka akirekebisha tai yake. Nilifikiri hakufurahi. Baada ya muda akarudi na karatasi aliyoisaini: kuanzia siku ile zamu ya mchana imefutwa, wote waanze saa moja asubuhi na kutoka saa nane mchana. Yule mama wa mifugo aliisoma mara mbili. Hakusubiri kesho. Saa nane ilipogonga alichukua mwavuli wake, akasema kwaheri kwa Kinyarwanda, na tukamwona kupitia dirishani akiteremka barabara ya Kiyovu mchana kweupe, nusu anatembea, nusu anakimbia, mwavuli umefungwa ingawa mvua ilikuwa inanyunya.

Kuhusu chakula cha Jumapili, Mama Kahawa aliamua kwamba wote wawili tumeshindwa. Tukapika uani kwetu Nyamirambo. Mimi nilipika pilau, mama yangu akiwa amesimama nyuma ya bega langu na kunishauri kila nilipotaka kutoshauriwa. Yule wa Bukavu alikaanga sambaza kwa kitunguu na pilipili, akasonga bugali, ule ugali mgumu wa kwao, mikono ya shati lake imekunjwa juu ya viwiko. Wasichana walikuja na Fanta na redio. Mama wa mifugo alikuja na mtoto wake, ambaye alizungushwa mikononi mwa watu hadi akachoka akalala kwenye kanga ya mama yangu. Majirani walichungulia, wakakaribishwa, wakakaa.

Baba alimwangalia mgeni kwa muda mrefu, kisha akamwita.

"Kijana, njoo hapa. Nani amekushonea kola hii?"

"Ni ya dukani, mzee."

"Nimeona. Kwenu ni wapi?"

"Bukavu, mzee. Lakini babu yetu alitoka Kasongo."

"Kasongo," baba akarudia, akilipima neno. Watu wa Kasongo walikuwa wanajulikana Nyamirambo, walikuwa wakija msikitini kwetu tangu zamani. "Kaa. Umeshakula pilau ya binti yangu?"

"Nimekula, mzee. Iko na chumvi kidogo mingi."

Mama yangu akaweka mwiko chini. Baba akaanza kucheka, cheko dogo la kifuani ambalo sisi wa nyumbani tulilisikia kwenye sikukuu tu. "Huyu hasemi uongo," akasema, na Mama Kahawa, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka na sahani ya pili, akasema yeye alilijua hilo tangu siku ya samaki.

Nawaona wote pale uani. Ninaposimulia habari hizi, watu hunitazama wakingoja nifike mwaka 1994, na sitajifanya haukuwapo. Nilikuwa nje ya nchi ulipofika. Baba na mama walinusurika. Kati ya wale wanawake sita, kuna niliowakuta tena na kuna ambao hawapo, na majina yao nayataja kwenye dua, si kwenye karatasi. Lakini sikupewa tu habari ya mwisho wao. Nilipewa pia miezi ile ya kukaa nao, nao katika miezi ile walikuwa wanacheka, wananitania, wanagombea kiti cha karibu na dirisha. Nisipowaandika hivyo nitakuwa nimewapunguza.

Yule wa Bukavu alimaliza kazi yake ya mfumo mapema, akaendelea kupata sababu za kubaki. Mara kanda ina hitilafu, mara nyaya zimelika. Mkurugenzi alizikubali zote kwa uso mkavu. Jioni alinisindikiza kutoka Kiyovu kupita mjini na kuteremka Biryogo, tukibishana juu ya mambo ambayo hakuna mtu mwingine njiani angeyaelewa, hadi siku moja karibu na msikiti aliponyamaza ghafla.

"Unaumwa?" nikamuuliza.

"Hapana. Nilikuwa nafikiri namna ya kusema jambo na Kiswahili ya kwenu, isikuchekeshe."

"Sema na ya kwenu."

Akasema na ya kwao. Haikunichekesha.

Tuliozeshwa mwaka 1993, na kwa kuwa alikuwa amepata kazi Bukavu, tuliondoka baada ya wiki moja. Wachapaji wangu walikuja kutuaga asubuhi kabla ya kwenda kazini, wamebanana kwenye kibaraza chetu wote sita, kila mmoja na kifurushi. Tulipanda gari la mjomba wake, likaelekea Cyangugu, mpakani, na mchana tukawa ndani ya msitu wa Nyungwe. Kulikuwa na baridi sijawahi kuiona. Gari lilichemka kwenye mlima, mjomba akasimama pembeni kulipoza, nasi tukashuka tukakaa kwenye jiwe, tumejifunika shuka moja, tukifungua vifurushi kuona ni kipi kina chakula.

Kima walitokea kwenye miti juu yetu, kundi zima, wakatuangalia. Mume wangu akaanza kunieleza mashine nitakayoikuta Bukavu, ukubwa wake, na aliyoyafikiria kuhusu namna ya kuiendesha.

"Hebu ngoja kwanza," nikamwambia. "Nataka kuwaangalia hawa."

Akanipa andazi kutoka kifurushi kimoja. Kima mmoja alishuka tawi la chini kabisa, mtoto wake amening'inia tumboni, akakaa akijikuna na kututazama, na tulikaa hivyo, sisi tunakula maandazi ya baridi, yeye anatafuna majani, hadi mjomba alipofunga boneti na kutuita.